Mkono wa Kulia wa Juu

Watu walimwita Brashi, naye alikwishaacha kuwasahihisha. Kubishana ni kazi, na kazi alikuwa nayo ya kumtosha. Alikuwa fundi wa sura. Sanamu za madukani zinazovalishwa nguo zikichubuka pua, aliitwa yeye. Mtakatifu wa kanisani akikatika vidole, aliitwa yeye. Simba wa saruji anayekaa juu ya geti la mwenye uwezo akimeguka sikio, aliitwa yeye, akapanda ngazi na ndoo yake ya jasi huku magoti yakilia. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, lakini magoti yalikuwa ya mtu wa sabini, na miwani yake upande mmoja ilishikwa na waya.

Jumatatu moja aliitwa kwenye hekalu la Wahindu, nyuma ya mtaa wa maduka ya vitambaa. Alikwenda na mwenzake wa siku zote, fundi wa kumwaga saruji, ambaye watu walimwita Zege kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya tumbo lake. Wakavua viatu mlangoni. Juu ya mlango wa chumba cha ndani palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MAMA KALI.

Zege akakisoma mara mbili, akaanza kucheka mpaka tumbo likamtikisika.

"Bwana wewe, hii umeiona? Mageti yote ya mjini yameandikwa mbwa kali. Hawa wenzetu wamefuga mama!"

"Soma kimoyomoyo," Brashi akamwambia.

"Na sarufi wameiumiza. Ingekuwa mama mkali."

"Wangu alikuwa mkali na kibao hakuweka."

Zege akacheka tena. Brashi hakuwa anatania.

"Mmemaliza?" Sauti ilitoka ndani. Alikuwa bibi mfupi, mkavu kama kuni, mwenye fungu la funguo kiunoni. Hekalu lile yeye ndiye aliyekuwa akilifungua asubuhi na kulifunga jioni, mwaka wa thelathini sasa. "Toka niko mdogo nausikia utani huo. Kali ni jina, si sifa. Katika lugha ya wazee wetu maana yake mweusi. Wengine wanasema maana yake ni wakati. Nyinyi mkilisikia mnasikia ukali tu. Haya, chekeni mmalize, kazi inawangoja."

Kazi yenyewe ilikuwa imesimama mwisho wa chumba. Sanamu ya mwanamke, kimo cha mtu mzima, mweusi wa kuelekea bluu, nywele zimetimka, ulimi mwekundu nje. Shingoni kavaa mkufu mrefu wa vichwa vya watu, na chini ya miguu yake amelala mwanamume mweupe, ametulia tu kama aliyejipumzisha. Mikono ilikuwa minne. Wa kushoto wa juu ulishika upanga, wa kushoto wa chini ulishika kichwa kwa nywele. Wa kulia wa chini ulikuwa wazi, umeelekea chini, kama wa mtu anayekupa kitu. Wa kulia wa juu haukuwepo. Mafundi wa paa waliangusha ngazi, ngazi ikaupiga, mkono ukawa vumbi. Kilichobaki ni kiwiko na waya uliokula kutu.

"Aa," Zege akanong'ona. "Huyu ni mama mkwe wangu kabisa. Mpaka ulimi."

"Rangi yote mpya," bibi alisema, "na mkono. Jumamosi asubuhi tunamwosha, tunamrudishia maua yake. Nina picha zake za zamani ndani, ngoja nikuletee."

"Usihangaike, mama," Brashi akasema. "Mkono ni mkono. Nimetengeneza mia."

Bibi alimtazama kidogo, halafu akaenda zake na funguo zake zikilia.

Jumatano mchana Brashi alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, amenyoosha miguu juani, simu ikaita. Alikuwa dada yake. Dada huyu ndiye mdogo wake wa pekee, na ndiye aliyekaa na mama yao miaka tisa, tangu baba yao afariki.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Unajua ninachotaka kusema. Jumamosi gari la mizigo linakuja. Mume wangu amehamishwa kazi na nyumba tuliyopewa ni vyumba viwili, na watoto ni watano. Nimeshakwambia."

"Umeshaniambia."

"Basi nijibu. Nimpakie aje kwako au nimpeleke nyumba ya wazee? Pale nafasi wananishikia mpaka Ijumaa jioni. Baada ya hapo wanampa mwingine."

Brashi alitazama vidole vyake vya miguu. Alikuwa anakaa peke yake, vyumba viwili na ua. Mkewe aliondoka mwaka wa nane huu, watoto walishakuwa na maisha yao. Nafasi ilikuwepo, na dada yake alijua ipo.

"Mpeleke kwa wazee," akasema. "Wana manesi."

"Kaka."

"Alinilea kwa kibao, mdogo wangu. Wewe ulipozaliwa alikuwa ameshachoka kupiga. Hatukulelewa na mama mmoja mimi na wewe."

"Ana miaka themanini na moja. Chupa ya maji hawezi kuifungua."

"Nimekusikia."

"Nakupa mpaka Ijumaa ufikirie."

"Nimeshafikiria."

Akakata simu, akanyanyuka kwa kushika ukuta, akarudi ndani kutengeneza mkono.

Alikunja waya mpya, akaufunga kwenye ule wa zamani, akavisha kitambaa cha gunia, akapaka jasi tabaka kwa tabaka. Hakuwa na haja ya kufikiria. Mkono ulikuja wenyewe, na ulikuja upesi, jambo ambalo siku hizi lilikuwa nadra kwake. Kufikia jioni ulikuwa umesimama juu, mzuri, mishipa inaonekana. Zege alipoinua kichwa kutoka kwenye kitako cha sanamu alichokuwa anakiziba ufa, alipiga mluzi.

"Ah! Huo ukitua shavuni, unasahau njia ya kwenu."

Brashi alifurahi. Alifunga mfuko wake akaenda nyumbani kulala.

Alhamisi asubuhi bibi aliingia, akaweka kopo la maua chini, akainua macho. Alizunguka upande wa kulia, akazunguka wa kushoto, akarudi katikati.

"Fundi," alisema polepole. "Huyu anataka kumpiga nani?"

"Anampiga..." Brashi akaangalia. "Si ndivyo alivyokuwa? Ana upanga, ana kichwa cha mtu."

"Nakuuliza huo mkono wa kulia. Umeurudisha nyuma, umekaza vidole, umeinamisha kiganja. Hicho ni kibao. Umempa Mama kibao!"

Zege akajifanya anatafuta kitu kwenye ndoo.

Bibi alikwenda ndani akarudi na bahasha. Akatoa picha tano, sita, nyingine za zamani zisizo na rangi, akazipanga sakafuni. Brashi akapiga magoti kwa shida, akarekebisha miwani. Picha zote zilikuwa za yule yule, na katika zote mkono wa kulia wa juu ulisimama wima, kiganja mbele, vidole vimelegea.

"Huu ndio mkono wa usiogope," bibi akasema. "Ndio mkono ninaoujia mimi hapa kila siku ya Mungu. Hiyo mingine ya upanga ni ya kazi zake, hainihusu. Miaka thelathini naingia hapa naambiwa usiogope. Leo nimeingia nimetaka kukimbia."

Brashi aliona uso unamwaka. Katika kazi yake alishawahi kukosea rangi, alishawahi kumpa mtakatifu kidole cha sita wakati amelewa, enzi za kulewa. Lakini hii ilikuwa nyingine. Hii alikuwa na uhakika nayo.

Wakati huo akaingia binti wa bibi na birika la chai, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mshauri wa saikolojia hospitalini. Kazi yake ni kukaa na watu wenye mioyo mizito na kuwasikiliza. Aliutazama mkono, akazitazama picha, akamtazama mama yake aliyenuna, akacheka kidogo.

"Mama usimgombeze. Kila mtu anamtengeneza huyu kwa alichonacho kichwani."

"Alikuwa na picha!"

"Hakuziangalia. Ndiyo nasema." Akamimina chai. "Sisi kazini tunaiita skima. Ukiwa mtoto kichwa kinajitengenezea umbo. Mama ni hivi, baba ni hivi, mkono ukiinuliwa maana yake hivi. Halafu ukishakuwa mkubwa, kila kinachokuja unakimwaga kwenye lile lile umbo, hata kama hakifanani."

"Kalibu," Zege akasema kutoka kwenye ndoo.

"Nini?"

"Hiyo unayosema ni kalibu, daktari. Sisi tukitaka kutoa nguzo za baraza ishirini zinazofanana, tunachonga kalibu moja ya mbao. Ukishaikosea kalibu, nguzo zote ishirini zimepinda. Unaweza kulaumu saruji mpaka kesho."

"Basi ni hiyo," binti akasema. "Umenipa mfano wa kuwapa wagonjwa wangu." Akageukia sanamu, kikombe mkononi. "Mama yangu hakumjua aliyemzaa, alilelewa na shangazi asiye na neno tamu. Kwa hiyo huyu kwake ndiye mama, na anamgombeza kama mama. Nimemsikia asubuhi anamwambia, 'Mbona jana mvua imepita paa letu, ulikuwa wapi?'"

"Na alinisikia," bibi akasema.

"Marehemu baba yangu alikuwa anamwogopa kama mwalimu mkuu, haingii hapa mpaka achane nywele. Mimi nikimtazama namwona mwanamke mwenye funguo, ambaye alinifungia nisiende kucheza."

"Ulikuwa na homa ya matumbo!"

"Unaona?" binti akasema.

Brashi hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti na picha mkononi, kwa sababu kunyanyuka kulihitaji mipango. "Kwa hiyo unasema mimi mgonjwa."

"Hapana, fundi. Nasema wewe ni fundi uliyekataa kuangalia picha."

Akaondoka kwenda kazini. Brashi akanywa chai yake ikiwa imeshapoa, akachukua msumeno mdogo, akaukata mkono wake mwenyewe, yaani ule alioutengeneza. Vumbi la jasi likamwagika kwenye magoti yake. Kuvunja kazi iliyoharibika kunaudhi. Kuvunja kazi iliyotoka vizuri kunachosha mpaka kwenye mifupa.

Akaanza upya. Picha alizibandika ukutani mbele ya pua. Mchana akawa amemaliza wa pili, akarudi nyuma hatua tatu, akauona. Kibao. Kiganja kilikuwa mbele, sawa, vidole vilikuwa vimesimama, sawa, lakini kilikuwa ni kibao kilichosubiri zamu yake. Akaubomoa kabla haujakauka.

"Kuna tatizo la mkono?" Zege akauliza.

"Kuna tatizo la kalibu," akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote wawili.

Ijumaa asubuhi alimwendea bibi kwenye kibaraza alipokuwa anachambua maua.

"Mama, naomba mkono wako."

"Unanichumbia?"

"Nataka uusimamishe mbele yangu kama wake. Picha zimelala. Nataka wa nyama."

Bibi akacheka, akaja akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya sanamu, akainua mkono wake wa kulia, kiganja mbele. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Brashi akaanza. Waya, gunia, jasi. Alitazama mkono wa bibi, akatazama wake, akatazama tena. Baada ya robo saa mkono wa bibi ukaanza kutetemeka.

"Pumzika, mama."

"Wewe fanya. Yeye hapumziki."

Ukatetemeka zaidi. Bibi akaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akaushikilia hivyo hivyo juu. Brashi akatazama mkono ule unaotetemeka, wa mwanamke aliyechoka, unaokataa kushuka, na bila kuombwa likamjia lori.

Alikuwa na miaka saba. Mbele ya nyumba yao ilipita barabara ya malori ya mchanga. Aliingia barabarani kuokota kifuniko cha soda. Ndiyo, na mama yake akampiga kibao mbele ya watu wote, mpaka sikio likavuma. Hadithi hiyo alishaisimulia mara nyingi mno. Mkewe aliijua, wanawe waliijua, Zege aliijua na vituo vyake. Mama alinipiga barabarani, mbele ya watu, na nilikuwa na miaka saba.

Katika hadithi hiyo lori halikuwamo.

Sasa lilikuwamo. Lilikuwa limekuja na kelele zake zote, na mbele yake alisimama mwanamke, amempa yeye mgongo, mkono wa kulia juu, kiganja wazi kwa dereva. Mkono wa kushoto alikuwa ameuleta nyuma unapapasa, mpaka ukalipata shati lake ukalishika. Breki zikalia. Lori likasimama karibu kiasi cha kuweza kuligusa. Mkono ule wa juu ulikuwa unatetemeka. Haukushuka mara moja. Ulikaa pale juu hata baada ya lori kusimama, kana kwamba hauamini. Kisha mama akageuka, na kwa mkono ule ule akampiga kibao.

Miaka arobaini na sita alikuwa amekiweka kibao akatupa lori.

Brashi hakudanganyika. Alikuwa mtu mzima. Palikuwa na siku za kupigwa kwa mwiko, palikuwa na siku za waya wa pasi, na siku hizo hapakuwa na lori lolote. Lori moja halifuti waya wa pasi. Mama yake alikuwa mkali kwa herufi zote, na hakuna daktari wa kumgeuza kuwa malaika kwa kikombe cha chai. Lakini lile jibu alilompa dada yake Jumatano, "Nimeshafikiria," lilikuwa uongo. Hakuwa amefikiria kitu. Alimwaga tu saruji kwenye kalibu ya zamani na ikatoka nguzo ile ile iliyopinda.

"Fundi," bibi akasema, "nakufa hapa."

"Shusha, mama. Mkono umekwisha."

Bibi akaushusha mkono mapajani, akausugua. Wote wawili wakainua macho. Kwenye kiwiko cha Mama Kali palisimama mkono wa jasi mbichi, mweupe juu ya mwili mweusi, kiganja mbele, vidole vimelegea kidogo. Haukuwa mzuri kama ule wa kwanza. Kidole gumba kilikuwa kinene.

"Ndio huo," bibi akasema. Akainamisha kichwa, midomo ikacheza kwa sala. Kisha: "Kidole gumba kinene."

"Nitakipunguza."

"Kiache."

Saa tisa alasiri akatoka nje, akaketi kwenye zile ngazi, akampigia dada yake.

"Mlete," akasema.

"Kaka?"

"Mlete hapa kwangu. Wale wa nyumba ya wazee waambie nafasi wampe mwingine."

Dada akasikika anapenga kamasi. "Nini kimetokea?"

"Hakuna. Nimechoka tu kukataa. Anakula nini siku hizi?"

"Vyote, vikiwa laini. Na kaka, atakusema. Atasema nyumba chafu, atasema umekonda, atasema mkeo aliondoka kwa sababu yako."

"Hilo la mwisho ni kweli."

Ijumaa hiyo jioni alifagia chumba cha pili, akatoa makopo ya rangi, akaweka kitanda karibu na dirisha. Jumamosi alfajiri akapita hekaluni kutia rangi ya mwisho kwenye kiganja, nyekundu kama ilivyo kwenye picha, akawaacha watu wakianza kuingia na ndoo za maji na maua. Zege alikuwa amesimama nyuma kabisa, bila viatu, mikono amefunga kwa adabu. "Bado ni mama mkwe," alinong'ona, "lakini leo nadhani ameniona."

Gari la mizigo lilifika kwake saa nne, limejaa magodoro na makabati, dada yake amekaa mbele na watoto wawili. Mama yao akateremshwa kwanza. Alikuwa amepungua. Kanga ilimzunguka mara mbili. Alisimama kwenye vumbi na fimbo yake, akamtazama mwanawe kuanzia miguuni mpaka kwenye waya wa miwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Dereva alitaka kuligeuza gari, akaanza kurudi nyuma bila kutazama, kuelekea mtaro ulio wazi pembeni ya ukuta. Mama akaona. Akainua mkono wake wa kulia juu, ghafla, kiganja wazi.

Brashi akajikunyata. Mabega yalipanda yenyewe, shavu likageuka, macho yakafumba. Miaka hamsini na mitatu, mvi kichwani, mbele ya watoto wa dada yake, akajikunyata.

Kibao hakikuja. Alisikia breki. Alipofumbua macho gari lilikuwa limesimama, gurudumu la nyuma liko ukingoni mwa mtaro, na mkono wa mama yake bado ulikuwa juu, umeelekezwa kwa dereva, unatetemeka.

"Huna macho?" mama alikuwa anamfokea dereva. "Unataka kuzika magodoro ya watu?"

Mkono ule ukabaki juu muda, hata baada ya gari kusimama. Brashi akausogelea. Mabega yake yalikuwa bado hayajashuka, na alijua hayatashuka leo wala kesho. Akaushika mkono wa mama yake kwenye kifundo, taratibu, akaushusha.

"Limesimama, mama."

"Nimeona." Akamtazama, akautazama mkono wake uliokuwa ndani ya mkono wa mwanawe wenye madoa ya rangi nyekundu. "Una nini mikononi?"

"Rangi."

"Kanawe. Na uchukue huo mkoba, usisimame tu. Choo kiko ndani au nje?"

"Ndani, mama," akasema, akainama kuuchukua mkoba, magoti yakalia.